Beseni la Maji ya Kijani

Kila asubuhi, kabla ukungu wa mtaa wa Mjimwema haujainuka, Zita aliamshwa na mlio wa mashine ya kufumia masweta. Aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, kisha akakaa karibu na shangazi yake, Telesia, akimzungushia uzi hadi saa ya kwenda shule. Shangazi alikuwa amemlea tangu akiwa na miaka mitatu, na kila vazi lililomkinga Zita na baridi ya Njombe lilikuwa limepita katika mashine ile.

Mtaa wao ulikuwa umebadilika upesi. Barabara ilipowekwa lami, yalifuata majengo mawili yenye vioo virefu. Katika moja likafunguliwa duka kubwa la vyakula, ambamo mnunuzi hujichagulia bidhaa mwenyewe. Katika la pili likaja duka la sare za shule pekee, tawi la duka la Makambako, taa zake zikiwaka mchana kutwa. Miaka ya nyuma wazazi walipanga foleni barazani kwa shangazi. Mwaka huu walipita, wakatoa salamu ya heshima, "Kamwene,", wakaendelea na safari yao kuelekea kwenye vioo.

Oda kubwa iliyobaki ilikuwa moja tu: masweta ishirini ya kijani kwa kwaya ya watoto ya parokia, ya kuvaliwa juu ya mashati meupe Jumapili, siku ya Kipaimara.

"Haya yakipendeza," shangazi alisema, "watu watakumbuka kwamba bado nipo."

Jumatatu mvua iliwakuta wanafunzi njiani. Lidia, rafiki wa Zita, alipovua sweta lake jipya darasani, shati lake jeupe lilikuwa na madoa ya kijani kuanzia ukosi hadi kiunoni.

"Lidia, umechemshwa na mchicha?" Remmy alipayuka, na darasa likaangua kicheko.

"Nyamaza wewe! Shonesha kwanza kaptula yako yenye dirisha."

"Mama yako alilinunua wapi?" mwenzao mmoja aliuliza.

"Sijui. Alilileta tu nyumbani kabla hajasafiri."

Zita alijua. Katika pindo la mkono aliiona mistari mitatu iliyobanana, ambayo shangazi yake huimalizia kila kazi. Akaliwaza baraza lisilo na wateja, na mdomo ukamtangulia akili.

"Ni la duka jipya," alisema. "Masweta yao yanachuja rangi."

Maneno hayo yaliondoka na watoto saa nane, yakafika majikoni kabla ya jioni. Kufikia Jumatano, wazazi walikuwa wakirudisha dukani masweta ambayo hayajawahi hata kulowa. Alhamisi, Zita alipotoka shule, aliwakuta akina mama wawili barazani wakipimisha watoto wao.

"Wateja wamerudi, mwanangu," shangazi alisema walipoondoka, akirudi kwenye mashine. "Lakini namwonea huruma yule Consolata, msimamizi wa duka. Nimepita pale leo, nimekuta watu wanamfokea hadharani. Inasemekana bidhaa zake zinachuja. Hata kama ni mshindani wangu, sikupenda."

Huku akisema, alichomoa bunda jingine la uzi wa kijani katika mfuko uleule uliotoa sweta la Lidia. Alikuwa anaanza sweta la kumi na nane la kwaya. Zita akaiona Jumapili kama iko mbele yake: mvua, altare, na kola ishirini nyeupe zikigeuka kijani.

"Shangazi, simamisha mashine."

"Kuna nini tena?"

"Uzi huo ndio unaochuja. Sweta la Lidia umelifuma wewe. Nililitambua. Mimi ndiye niliyesema ni la dukani."

Mashine ilinyamaza. Shangazi alikata kipande cha uzi, akakitumbukiza katika beseni la maji ya vuguvugu, wakangoja. Maji yakaanza kubadilika, kidogo kidogo, mpaka yakawa kijani kabisa.

"Kumi na saba," shangazi alisema taratibu. "Siku tatu nafuma, nawe unanizungushia uzi, na unajua."

Zita aliona heri angechapwa kuliko kuisikia sauti ile.

"Vaa viatu. Twende."

Dukani walikuta wateja wanne. Shangazi hakumvuta Consolata pembeni.

"Dada, mimi ni Telesia, mfumaji. Sweta lililochuja ni langu, si lenu. Nanyi wenzangu mnisikie, mkawaambie na wengine."

"Mimi ndiye niliyedanganya," Zita alisema, machozi yakimtoka. "Naomba unisamehe, mama."

Consolata alikunja shati alilokuwa ameshika, akalikunjua, akalikunja tena. "Siku tatu nimeitwa mwizi," alisema. "Asubuhi hii mkubwa wangu kanipigia kutoka Makambako kuniuliza kama kazi imenishinda." Akamtazama shangazi. "Mngenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua," shangazi alijibu.

Consolata akashusha pumzi. "Nimekusamehe, mtoto. Leteni huo uzi niuone. Kesho gari letu linakwenda Makambako. Panda, nikuelekeze kwa muuzaji wa jumla tunayemwamini. Nami nina shida yangu. Masweta yetu yana saizi nne, na watoto wa hapa wana mikono ya saizi arobaini! Wale ambao mikono ya sweta inawazidi au kuwapungukia, niwalete kwako uwarekebishie?"

Kwa mara ya kwanza wiki ile, shangazi alicheka.

Ijumaa Zita alisimama mbele ya darasa akasema ukweli wote, kisha akamwahidi Lidia sweta jipya. Remmy alitaka kutania. Alipouona uso wa Zita, akaacha. Mwalimu wa kwaya naye alimpa shangazi wiki moja zaidi ya kuyafuma upya. Siku ya Kipaimara watoto waliimba wakiwa na masweta yao ya nyumbani, kila mmoja rangi yake, na hakuna aliyelalamika.

Jioni ya siku hiyo, shangazi na Zita waliketi kuyafumua masweta kumi na saba, ili uzi uoshwe mpaka uache kuchuja.

"Uzi ukiponyoka kwenye sindano," shangazi alisema, "siendelei kufuma ili kosa lifunikwe na mistari ya juu. Nafumua mpaka pale ulipoponyoka, hata kama ni sweta zima. Wewe ulichelewa, Zita, na uliniumiza. Lakini nakushukuru, kwa sababu ulisema Alhamisi, hukungoja Jumapili. Masweta yanapatikana katika kila duka siku hizi. Watakaokuja kwetu watakuja kwa kuwa tukisema jambo, ndivyo lilivyo. Hilo tusilipoteze."

Akamkabidhi ncha ya uzi.

"Haya, vuta. Taratibu, usikate."