Sekunde Tatu Mbele

Nikikwambia mjomba wangu alikuwa na masikio, usifikirie masikio kama haya yako ya kuwekea miwani. Mjomba alikuwa fundi saa, mtaa mzima ukimwita Sekunde, na alikuwa anaisikia saa inayochelewa ikiwa bado mfukoni mwa mtu, barabara ya pili. Nimeona kwa macho yangu. Alishawahi kumsimamisha bwana harusi njiani, suti imenyooka, akamwambia, "Bwana, uko nyuma dakika mbili." Yule bwana akacheka. Kufika, bibi harusi kashanuna, na mpaka leo bado kanuna.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye saa elfu nne ukutani. Haya, arobaini. Lakini zote zikigonga pamoja zilikuwa elfu nne. Na zote zilikuwa na bwana wao mmoja, nayo ilikuwa redio nyeusi yenye antena ndefu, iliyokaa kwenye rafu peke yake kama mgeni wa heshima.

Labda wewe hujui. Kuna stesheni za masafa mafupi hazina muziki, hazina mpira, hazina matangazo ya sabuni. Kazi yao ni kutangaza saa rasmi tu, usiku na mchana. Ti. Ti. Ti. Kila sekunde mlio mmoja, na dakika ikitimia, mlio mrefu. Katikati ya milio mwanaume mwenye sauti kavu anataja jina la stesheni na saa, kwa lugha ya kigeni. Mjomba alikuwa haelewi zaidi ya jina la stesheni. Lakini bila kulisikia jina hilo, hagusi saa ya mtu. Ndiyo ilikuwa sheria yake.

Kila asubuhi, saa nne kasoro kidogo, anawasha redio. Anasubiri jina. Anavuta kitufe cha pembeni cha saa aliyotengeneza, mshale wa sekunde unasimama kwenye kumi na mbili, kimya. Mlio mrefu ukilia, anabonyeza. Saa inaanza kutembea. "Sasa imezaliwa," anasema kila mara, na mimi kila mara namwambia, "Hongera, mama mzazi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Mjomba alikuwa amesafisha saa ya dada yangu.

Dada ni muuguzi wa zahanati. Saa yake ni ile ya kubandika kifuani, inaning'inia kichwa chini ili yeye akitazama aione sawa. Tunaishi mimi, yeye na mwanawe wa miaka mitano, Kidoti, vyumba viwili na jiko. Kuna kitu kimoja uelewe kuhusu dada yangu. Hataji namba yoyote bila kusema "enhe" kwanza. Anasoma kipimo cha homa: "Enhe, thelathini na nane." Anauliza bei ya nyanya, anarudia: "Enhe, mia tano." Tangu utoto. Tulimtania mpaka tukachoka sisi, yeye hakuchoka.

Basi, wiki hiyo alikuwa na zamu ya kuanzia saa sita mchana, akapita dukani asubuhi kuchukua saa yake. Mimi nilikuwapo, kama kawaida, namsaidia mjomba kukaa. Nilikuwa namsimulia nilivyodaka penalti tatu kwa mkono mmoja, mjomba ananiambia, "Ulidaka mafua wewe." Tukaanza kubishana. Milio ikaendelea. Mlio mrefu ukalia. Mkono wake ukabonyeza wenyewe, kwa mazoea.

Akatazama ukutani.

"Redio iko mbele sekunde tatu," akasema.

"Ukuta ndio umechelewa," nikamwambia. "Si husema redio haikosei?"

Akakuna kidevu. Dada ana haraka. Saa ikafungwa, ikabandikwa kifuani, akaondoka nayo. Mjomba akainama akatazama kioo cha redio, pale penye mshale mwekundu wa kutafutia stesheni.

"Nani ameusogeza huu?"

Nikasema labda panya.

Siku iliyofuata dada akafika zahanati saa sita kamili. Matroni, mama mmoja mnene asiyependa mchezo, akamtazama juu mpaka chini.

"Umesahau nini tena huko nje?"

"Nimesahau? Ndio nafika."

"Wewe mwanamke, si umesaini mbele yangu sasa hivi, nikakupa ufunguo wa kabati?"

Daftari la mahudhurio likafunguliwa. Jina la dada. Sahihi ya dada, na ule mkia wake wa mwisho. Saa tano na dakika hamsini na saba. Na ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa umeshachomekwa kwenye kitasa cha kabati.

Dada alitusimulia kwa kucheka. Mimi nikamwambia ni uchovu wa matroni, uzito ule wote lazima damu ichelewe kufika kichwani. Tukacheka wote.

Alhamisi daftari lilisema ametangulia dakika saba. Ijumaa, kumi na mbili. Wenzake wakaanza kumtazama kwa pembeni. Mmoja alikuwa anamkwepa kabisa, anapitia mlango wa nyuma. Matroni akamwita ofisini akamwambia taratibu, "Mwanangu, kama kuna mtu umekwenda kwake akakupa kitu, kitupe." Dada akaapa hajakwenda kwa mganga yeyote. Matroni aliisogeza tu kalamu yake mbali, dada asije akaishika.

Jumamosi jioni ndipo nilipoacha kucheka.

Nilikuwa kibarazani. Dada akaja kutoka kazini, akaingia, nikamsikia jikoni anafungua sufuria, anaongea na Kidoti. Nikaendelea kutengeneza kiatu changu. Baada ya robo saa hivi nikainua kichwa.

Dada alikuwa anakuja. Kutoka barabarani. Mkoba begani, vumbi miguuni.

Akanipita, akaingia. Nikamfuata nyuma. Jikoni hapakuwa na mtu. Kidoti amekaa kwenye mkeka, anajifuta mdomo.

"Njoo ule, mwanangu," dada akamwambia.

"Si umeshanilisha, mama?"

Sahani ilikuwa chini. Bado imelowa mchuzi.

Dada hakupiga kelele. Alikaa pale pale sakafuni akamvuta mtoto, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Akaninong'oneza, "Kila siku ananizidi. Siku akinizidi sana, nitakuta mmeshafunga mlango. Mko ndani, mnakula naye. Nitagonga na hamtafungua, kwa sababu mimi nitakuwa nimeshaingia."

Jumapili tukampelekea mjomba ile saa. Akaifungua chini ya lenzi. Kila gurudumu mahali pake. Akairekebisha kwa stesheni yake ya siku zote, jina la stesheni akalisikia vizuri mara tatu. Akaweka mezani. Tukaitazama. Ikatulia kwa muda wa kuhesabu ishirini, halafu mshale ukaruka mbele, dakika kumi na tisa, kama mtu aliyekumbuka ahadi.

Akaiacha bila kuitia ufunguo. Siku mbili nzima. Haikusimama.

Jumatano asubuhi, mimi na yeye tu dukani, akaniuliza bila kunitazama, "Ile Jumanne, uliusogeza mshale wa redio?"

Nikasema, "Nilikuwa natafuta mpira. Kidogo tu. Unywele."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Akausogeza mshale taratibu, unywele mmoja. Milio ikatoka. Ti. Ti. Ti. Sawa sawa na ile mingine. Hakuna jina la stesheni. Halafu mwanamke akasema saa, kwa lugha yetu hii hii. Sauti tambarare, isiyo ya mtu yeyote.

"Saa tatu na dakika hamsini."

Saa zote arobaini ukutani zilisema saa tatu na dakika kumi.

Mjomba akapunguza sauti ya redio. Akaninong'oneza kana kwamba redio inasikia. "Saa iliyozaliwa kwa stesheni hii haitaitii nyingine. Lazima ifungwe hapa hapa ilipofunguliwa. Ukutani ikifika saa nne, saa yake nitaisimamisha na kuibonyeza upya, kwa mlio wa hawa hawa. Lakini dada yako awe ameishika mwenyewe mkononi. Atakayekuwa ameishika nikibonyeza, huyo ndiye atakayebaki. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Yuko wapi?"

"Leo yuko mapumziko. Alisema atatoka saa tatu kwenda sokoni."

"Nenda huko huko sokoni ukamchukue. Na uhakikishe ni yeye."

"Mjomba, nimezaliwa naye nyumba moja, nitamkosea dada yangu? Mimi namjua hata kivuli chake kikiwa kimegeuka."

Sasa sikiliza. Soko liko mbali. Kupanda kile kilima, jua lile, watu wale. Nyumbani ni hapo tu, nyuma ya duka la mkaa. Nikasema nipite kwanza nyumbani, huenda hajatoka.

Nikamkuta. Yuko mlangoni, anamsuka Kidoti. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Umesharudi?" nikamuuliza.

"Nimerudi."

"Kapu liko wapi?"

"Nimeliacha."

Kidoti akanitazama. Akasema, "Mama leo amewahi." Nikamwambia akae kwa jirani, tunarudi.

Nikamshika dada mkono tukaenda. Mkono ulikuwa wa kawaida. Nakwambia nimeupima mara elfu kichwani, ulikuwa wa kawaida kabisa. Kitu kimoja tu, kila kona alikuwa anakata kabla sijamwonyesha.

Dukani mjomba alikuwa tayari, jasho limemlowesha. Akamwekea saa kiganjani. Akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye."

"Umemtoa sokoni?"

Nikasema ndiyo.

Mjomba akavuta kitufe. Mshale ukasimama. Redio ikaendelea. Ti. Ti. Ti. Saa zote ukutani zikakaribia saa nne. Ti. Mlio mrefu.

Akabonyeza.

Redio ikakatika. Ikabaki mvumo tu wa hewa. Ile saa ikatembea, sawa na ukuta, sekunde kwa sekunde. Tukaitazama dakika tano nzima. Haikuruka. Mjomba akakaa kwenye kiti akafunika uso kwa mikono, akacheka kama anayelia. Mimi nikaanza kujisifu. Ndiyo kawaida yangu. Nikamwambia dada, "Haya, isome saa yako, muuguzi, tuone kama imepona."

Akaitazama. Akatabasamu.

"Saa nne na dakika tano," akasema.

Nikacheka pia. Tukatoka. Tulikuwa tumeshafika duka la mkaa ndipo nikasimama.

Hakusema enhe.

Nyumbani, kapu la sokoni lilikuwa limewekwa mlangoni. Nyanya zilikuwa juu, mchicha pembeni, bado unadondosha maji. Kwenye kitasa, upande wa nje, ulikuwa umechomekwa ufunguo wa dada, pamoja na shada zima la funguo na kile kikopo kidogo cha plasta anachokining'iniza humo. Shada lilikuwa bado linayumba.

Hapakuwa na mtu. Niliita mpaka majirani wakatoka. Huyu niliyekuja naye alikuwa amesimama pembeni yangu, ananitazama kwa huruma. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa shada lake mwenyewe la funguo. Na kikopo cha plasta. Akachomoa lile la kitasani akaniachia, akafungua mlango kwa lake.

Nilimwambia mjomba ukweli; amefunga duka. Saa zote arobaini amezisimamisha. Kesho yake alinipa redio mikononi, mshale ukiwa pale pale, akasema neno moja tu: "Uliusogeza wewe. Isikilize wewe."

Naisikiliza kila saa nne asubuhi. Ile sauti tambarare haipo tena. Milio ni ile ile, ti, ti, ti, na kabla ya mlio mrefu anasema mtu mwingine, kwa mbali, amechoka.

"Enhe. Saa nne na dakika arobaini."

Halafu, chini ya milio, kuna kitu kinagonga. Mara tatu. Anasubiri. Mara tatu tena.

Huyu wa hapa ni mpole. Anapika vizuri kuliko zamani, matroni anamsifu, hachelewi hata siku moja. Kidoti hamwiti mama tena, na ukimuuliza kwa nini, anatazama mlango. Funguo za lile shada la kitasani ninazo mimi, chini ya mto. Na mlango siku hizi siufungi, mchana wala jioni, majirani wananicheka.

Jana nilijaribu kuisikiliza nikiwa ndani, yeye akiwa jikoni. Nilikuwa nimenyoosha mkono, kidole hakijagusa kitufe.

"Zima hiyo redio," akasema kutoka jikoni, taratibu.

Nilikuwa bado sijaiwasha.