Nzi Aliyeng'olewa Kwenye Pini

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, droo ya kumi na nne katika chumba cha kuhifadhia wadudu ilifunguliwa, na nzi hayupo. Pini ipo, lebo ipo, kipembe cha karatasi anakogandishwa nzi kwa gundi kipo. Nzi mwenyewe, mdogo kuliko punje ya ufuta, kayeyuka.

Mpelelezi alifika saa tatu. Alikuwa mama wa makamo asiyependa kelele, na kelele ndizo zilizompokea mlangoni.

"Afande, mtie pingu huyu!" Daktari wa wadudu alimnyooshea kidole fundi wake. "Nzi yule ni aina mpya duniani! Mgeni wa kumkagua anafika saa sita. Kamdondosha, kamkanyaga, sasa kajifanya bubu!"

Fundi, ambaye wote walimwita Kibano, alikuwa amegandisha nzi chumbani humo miaka kumi na moja. Kazi ikienda, nyumba ya kazini nayo inakwenda, na mkewe ana mimba ya miezi minane. Hilo Daktari alilijua vizuri, na bado alimfokea kama mwizi wa sokoni.

Wenye ufunguo walikuwa watatu: hao wawili na dada wa usafi.

"Uliingia humu Jumamosi au jana?" mpelelezi akamwuliza dada.

"Afande, mimi humo nikipiga chafya tu naangaliwa kama nimeua mtu. Siku zote mbili nilikuwa msibani kwa shangazi. Uliza ukoo mzima."

"Na wewe, Daktari, ulimgusa nzi huyu?"

"Mimi nichome pini? Mara ya mwisho nilikuwa mwanafunzi. Hiyo kazi ya vibarua."

Mpelelezi akamvuta Kibano kando. "Kaka, mna ugomvi gani?"

Kibano akashusha sauti. "Hatuna, Afande. Nyumba ni ya kazini na mke wangu ana mimba ya miezi minane, nitathubutu kugombana? Ila Ijumaa nilimwambia jambo. Nzi hawa hutaga yai ndani ya nyuki, funza akamla nyuki kwa ndani. Wote wa jenasi hii, yaani wa ukoo huu mmoja, wamefanana. Unawatenganisha kwa nywele za mguu. Daktari kachora nne. Mimi nimehesabu kwenye hadubini mara sita: ni tatu. Wenye tatu walishapewa jina zamani."

Mpelelezi akarudi, akainamia droo na kioo cha kukuzia.

"Nzi akidondoka, gundi inabaki wapi?"

"Kwenye karatasi," Kibano akajibu. "Mara nyingi na mguu unabaki."

"Karatasi hii haijawahi kuona gundi. Basi hakudondoka, kaondolewa pamoja na karatasi yake, ikawekwa mpya. Lebo ina matundu mawili, maana yake imechomwa upya. Na lebo zote za Kibano zimechomwa zikielekea kushoto mwa droo. Hii moja, kulia."

Akavuta droo ya chini, yenye vumbi, iliyoandikwa jina la Daktari enzi za uanafunzi. Lebo zote, kulia. Akamgeukia Daktari.

"Mgeni angehesabu nywele za nzi, ungeumbuka. Nzi akipotea, unabaki mchoro wako tu. Na wa kulaumiwa tayari unaye."

Daktari akakaa kwa kishindo. Polepole akatoa kichupa mfukoni mwa koti. Nzi alikuwa ndani.

"Sikuweza kumtupa," akasema. "Miaka ishirini natafuta kitu kimoja tu kibebe jina langu."

"Na mimba ya miezi minane ulitaka ibebwe wapi, barabarani?" mpelelezi akafoka, yeye asiyependa kelele.

Kibano hakufoka.

"Daktari, Ijumaa niliufunga mlango kwanza ndipo nikakwambia. Nilikuwa nakustahi."