Mlima Ndani ya Chumba Namba Saba

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya mlango, kucha zimevunjika, simu mkononi. Hatua mbili kutoka hapo ilisimama baiskeli ya milimani, gurudumu la nyuma limebanwa kwenye kifaa cha mazoezi ili mtu akanyage bila kutoka mahali. Dirisha lilikuwa na nondo, na juu ya nondo ubao uliopigiliwa misumari. Katikati ya sakafu, majivu ya mbaula, lile jiko la makaa, yalikuwa bado na joto.

Inspekta Biubwa aliigusa simu kwa glavu, ikawaka. Ilikuwa na video iliyosimamishwa: barabara nyembamba ikipanda milima ya Guatemala, mahindi kulia, korongo kushoto, na kivuli cha mwendesha baiskeli mmoja.

"Hewa ya makaa," alisema daktari wa polisi. "Ona ngozi ilivyo nyekundu. Na mtu anayekanyaga baiskeli anavuta hewa mara tatu yako."

"Kwa nini hakutoka?"

"Mlango ulikuwa na kufuli. Kwa nje."

Marehemu aliitwa Valentin, Mrundi, mlinzi wa ghala hapo hapo Jeppestown, Johannesburg. Aliyevunja kufuli saa saba mchana na kuita polisi ni jirani yake, Cyriaque, fundi cherehani wa chumba namba nane. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kufuli lote. Kapteni wa Biubwa alitaka kazi iishe kabla ya chakula cha jioni.

"Mfungulie mashtaka huyo fundi, Biubwa, twende nyumbani."

Biubwa alijua mashtaka yangemfanya nini Cyriaque. Kibali chake cha ukimbizi kingefutwa, arudishwe kwao, alikowazika kaka zake wawili. Naye Biubwa, aliyeletwa Johannesburg na mama yake kutoka Unguja akiwa mtoto, hakupenda kuharakishwa. Ukimharakisha, ndiyo kwanza anavuta kiti akae.

"Nani alifunga mlango?" alimuuliza Cyriaque.

"Mimi, madame. Saa mbili asubuhi. Yeye mwenyewe aliomba."

"Mtu anaomba kufungiwa ndani?"

"Eish, madame! Leo si kulikuwa na maandamano? Wale wanaosema wageni tutoke. Wakiona kufuli nje, wanajua chumbani hakuna mtu, wanapita. Mimi nafungia wenzangu, halafu Gaudiose ananifungia mimi, anakaa na funguo za korido nzima. Anaongea Kizulu kama mtu wa hapa, yeye hawamgusi."

"Anafungua saa ngapi?"

"Saa nne, wakiisha kupita. Leo pia alinifungulia."

"Na Valentin?"

"Kufuli lilikuwa bado mlangoni. Nilijua ashaenda zake airport. Ndege yake ilikuwa saa kumi."

"Hukusikia kitu?"

Cyriaque alianza kulia. "Saa tano nilisikia mlango unapigwa. Nilidhani ni wao wamerudi. Nikazima simu, nikaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Korido nzima tulijificha, madame. Alikuwa anatuomba msaada, na sisi tunamwogopa."

"Kwa nini hakupiga kelele?"

"Apige kwa lugha gani, siku kama ya leo?"

Harufu ya makaa, Cyriaque alisema, ndiyo iliyomfanya avunje kufuli, na hapo Valentin alikuwa ameshakata roho.

Gaudiose alikuwa msusi, na kwa miaka sita yeye na Valentin walikaa kama mke na mume, ingawa kila mmoja alikuwa na chumba chake. Aliketi mbele ya inspekta macho makavu.

"Nilimfungulia saa nne, mama, kama wengine. Tukaagana. Kama kufuli lilirudi mlangoni, muulize Cyriaque."

Biubwa aliweka simu ya Valentin mezani.

"Programu yake ya baiskeli inaandika kila mzunguko. Alianza kukanyaga saa mbili na nusu, akaacha saa tano kasoro dakika nne. Hakushuka hata mara moja. Mliagana vipi, alikukumbatia huku anakanyaga?"

Biubwa aliisogeza simu karibu naye.

"Saa tano na dakika mbili akakupigia. Mara tisa. Aliyekwisha kufunguliwa anapiga mara tisa za nini?"

"Simu yangu niliizima."

"Ndiyo maana hujausikia huu ujumbe."

Biubwa akabonyeza. Sauti ilitoka nzito, ya mtu anayepigana na usingizi. "Gaudi, nifungulie. Makaa yananilevya. Kama ni safari, nimeiacha. Nifungulie tu."

Gaudiose aliziba masikio, akachelewa.

"Sikutaka afe! Nilitaka ndege imwache. Ningefungua saa kumi. Ya mbaula sikuijua, kweli tena. Umeme ulikatika mimi nikiwa saluni, kumbe akawasha makaa kwa baridi."

"Kwa nini ndege imwache?"

"Kaka yangu alipita njia hiyo. Guatemala, Mexico, mpaka Amerika. Alisema miezi miwili, na huu mwaka wa nne. Sijui kama yuko hai. Leo na huyu ananiambia anakwenda kuendesha baiskeli milimani kutwa moja, peke yake, basi! Nani anatoka Jeppestown kwenda Guatemala kutazama mlima?"

Biubwa alifungua mkoba wa marehemu, akatoa hati ya kusafiria ya mkimbizi. Uchungu ulimpanda, na hakujisumbua kuuficha.

"Miaka kumi na moja aliisubiri hii. Soma hapa. Nchi zote isipokuwa Burundi. Cyriaque ananiambia ujanani alibeba ndizi kwa baiskeli, akishuka nazo kutoka Bugarama mpaka Bujumbura. Milima ya kwao haruhusiwi kuikanyaga. Akatafuta inayofanana nayo."

Akaweka karatasi ya pili juu ya hati.

"Na hii ni tiketi yake, ya kwenda na kurudi. Jumanne ya wiki ijayo, saa moja asubuhi anatua hapa."

Gaudiose aliivuta karatasi karibu, akapitisha kidole kwenye tarehe ya kwenda, kisha ya kurudi. Nje, askari alikuwa anamfungua Cyriaque pingu.

"Siku nane," Gaudiose alisema. "Mama, zilikuwa siku nane tu."