Karani wa Sheria ya Masega

Soko la Kakuma lilikuwa limefurika asubuhi ile Ekal alipoingia kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa Nyadak, shati jeupe limechomekwa, viatu vikimeremeta. Alikuwa karani wa kaunti, ametumwa kutoka Lodwar kurekebisha kanuni za kuzuia wizi wa masega, yale ya kwenye ekzosi za magari ambayo wezi huyakata kwa ajili ya madini yake ghali. Akainua bomba moja lenye kutu.

"Hili sega umelinunua kwa nani, mama?"

Nyadak alimpima kwa macho. "Hiyo ni mafla, ya kupunguza kelele tu. Na mimi si mama yako."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Ekal naye akacheka, na kwa hilo tu Nyadak, ambaye watu wa ofisi aliwaona bure kabisa, akampa kiti.

Tangu siku hiyo simu kati yao hazikuisha, na mapenzi yakaota humo humo.

"Ejok, mwalimu wangu," Ekal humsalimu kwa Kiturkana chake.

"Ejok, karani. Leo umejua nini?"

"Gari lililoibiwa sega hunguruma kama trekta."

"Hilo hata mbuzi wa Lodwar wanalijua."

Nyadak akamfundisha kwamba kila sega lipigwe chapa ya namba ya gari, kama ngamia anavyopigwa chapa ya mwenyewe.

"Nitaliandika, mpenzi."

Mwezi uliofuata rasimu ya kanuni ikabandikwa sokoni. Chapa ilikuwemo. Lakini kifungu cha tisa kilidai kila mnunuzi wa vyuma awe na kitambulisho cha taifa. Nyadak, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikuwa na kadi ya mkimbizi tu. Kifungu hicho kikipita, uwanja wake umekwisha.

"Umenifungia biashara, Ekal!"

"Nilinakili kifungu cha kaunti nyingine, kipenzi. Sikufikiria..."

"Lini uliwahi kufikiria? Ulikuja kuazima akili, ukaondoka nayo, ukaniacha nje."

Akakata simu.

Siku ya kutoa maoni, Nyadak aliingia ukumbini Lodwar amejifunga begani lawa ya buluu, shuka la kwao Sudan Kusini, kidevu juu. Mwenyekiti wa kamati ya kaunti alikuwa akipiga miayo. Kabla Nyadak hajafungua kinywa, Ekal akasimama.

"Mheshimiwa, kifungu cha tisa ni kosa langu. Sega lenyewe sikulijua. Aliyenifundisha ni huyu dada, na nimemwandika nje ya sheria. Naomba kadi ya mkimbizi ikubaliwe."

"Karani, unahatarisha kazi kwa ajili ya mwanamke?"

"Kwa ajili ya ujinga wangu, mheshimiwa."

Mikono ikainuliwa, si kwa huruma. Chakula cha mchana kilikuwa kinanukia. Kifungu kikabadilishwa.

Nje, kwenye jua kali, Ekal alimfuata.

"Bado unanidharau?"

"Sana."

"Basi nije kwa mjomba wako na ng'ombe wa mahari?"

"Ng'ombe wa Waturkana? Tunajua mnakowatoa."

"Hawa nitawanunua, Nyadak."

"Basi uje na risiti," alisema, akamshika mkono mbele ya waheshimiwa wote.