Nilipigia Makofi Kufungwa kwa Karakana ya Mjukuu Wangu

Nilipiga makofi.

Kwa nguvu! Na tabasamu ya yale meno yamebaki.

Halafu ndio nikasikia nimepigia nini...

"Kwa hivyo," mwenyekiti akasema kwa maikrofoni, "wazee wa Gatongora wameunga mkono. Karakana ya welding itafungwa, vyombo viuzwe."

Ngai, Mungu wangu!

My people, hiyo karakana ndiyo mjukuu wangu Ciku anasomea. Ciku mwenye nimelea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Amebakisha mtihani tu, apate cheti, aandikwe kazi. Ikifungwa, anarudi kukaa kwangu tuangaliane kama mbuzi wawili kwa kamba moja.

Na Ciku alikuwa hapo hapo! Nyuma ya ukumbi na wenzake, overall imejaa masizi.

Akaniangalia.

"Shosho... kumbe uko upande wao?"

Nikaficha mikono yangu.

Sasa kabla mnitukane huko kwa comments, wacha niwaambie vile nilifika hapo.

Kijana wangu Kagwe ni katibu wa kamati inayotengeneza mpango wa miaka mitano. Ati vijana wa Thika na Ruiru wasomee kazi gani, na waandikwe wapi. Sheria inasema wananchi watoe maoni. Lakini mwananchi mwenye kazi hana saa ya kukaa kwa ukumbi, na mwenye hana kazi hajaambiwa.

Viti vitajazwa na nani?

Sisi wazee!

Tunabebwa na basi ya kanisa mpaka Thika, tunapewa soda na mkate, MC akisema "makofi ya kilo!" tunapiga. Tunapigwa picha. Hayo ndiyo maoni ya wananchi.

Na Kagwe alikuwa ameniambia nini?

"Ni mkutano ya mambo ya wazee, mum. Nyinyi kaeni tu."

Mtoto nilinyonyesha mimi!

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naondoa makofi yangu!"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti, mzee Kimanzi, akacheka pia. Ni mzee wa kanisa, suti safi, sauti ya kubembeleza.

"Cucu, nyanya yetu, makofi hayarudishwi. Vijana wa siku hizi wanataka kompyuta. Tutawajengea kituo cha kisasa hapo Kamakis."

"Uliwauliza?"

"Cucu, keti."

Ciku akapaza sauti kutoka nyuma. "Gate ya kwako itachomelewa na laptop?"

"Nyamazisheni hao! Muda wa maoni umeisha!"

Kagwe akanijia mbio, akainama kwa sikio langu.

"Mum, tafadhali. Utaniharibia kazi."

"Kazi yako ni kuharibia wengine kazi?"

Akarudi mbele kama kuku amemwagiwa maji. Akashika ratiba, akaisoma... Akamnong'onezea mwenyekiti.

Kumbe maombi ya kufunga mkutano nilikuwa nimepewa mimi! Huku kwetu mkutano haufungwi bila maombi, na hupewa cucu mwenye kitambaa cheupe kwa kichwa, kwa vile anatoka vizuri kwa picha.

Kagwe alitaka kuniruka. Anajua mama yake.

Lakini mwenyekiti akapunga mkono. "Mpe. Labda hata atatulia."

Hapo ndipo aliteleza.

Watu wangu, huku unaweza kumkatiza chifu. Unaweza kumkatiza mheshimiwa. Lakini ni nani atamkatiza cucu akiomba?

"Tusimame," nikasema. "Tufunge macho. Na wewe wa simu, funga!"

Kofia zikatoka.

"Baba, tunakushukuru kwa soda, hata kama ilikuwa moto."

"Amina."

"Tunamwombea mwenyekiti wetu, umpe afya."

"Amina!" Ya mwenyekiti ilikuwa ya kwanza.

"Bariki hao vijana wako nyuma. Mikono yao isikose kazi."

"Amina!"

Nikafungua jicho moja. Wote wamefunga, hata askari wa mlango.

"Baba, hiyo karakana ya Gatongora isifungwe!"

"AMINA!"

"Vyombo visiuzwe!"

"AMINA!"

"Hiyo kompyuta ije pia, lakini isimfukuze mwenzake kwa kiti!"

"AMINA!"

Mwenyekiti, mwenye amina yake ilitoka pamoja na za wengine, akaanza kukohoa. "Asante Bwana, tumemaliza..."

"Bado, Baba, bado tuko mbele yako!" Nikaongeza sauti. "Na usiku wa leo, mwenye alituleta hapa na uongo, usingizi umpitie mbali mpaka arekebishe!"

Kagwe peke yake hakusema amina hapo.

Tulipofungua macho, Wavinya, karani anayeandika mambo ya mkutano, alikuwa ameinua kalamu.

"Mwenyekiti, sasa niandike wananchi wamesema nini?"

"Hayo yalikuwa maombi! Si maoni!"

"Sawa," nikasema. "Shika maikrofoni uambie watu amina yako ilikuwa ya uongo."

Hakuigusa!

Nusu ya ukumbi ni watu wa kanisa lake.

"Ama tuinue mikono," nikaendelea, "na safari hii macho wazi. Nani hataki karakana ifungwe?"

Mikono ikapanda kama mahindi ya mvua nzuri. Wazee wote. Vijana wote. MC. Mwisho, polepole, ule wa Kagwe.

Wavinya akaandika. Karakana ikabaki.

Mnadhani imeisha?

Wiki hiyo mwenyekiti alikuja kwangu na sukari na unga. Ati kamati inahitaji busara yangu, niingie ndani. Nikajua. Mbwa anayebweka hutupiwa mfupa.

"Kiti gani kiko wazi?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Ni... cha mwakilishi wa vijana."

Mimi! Na haya magoti! Lakini mwenye alikuwa nacho kabla yangu ni babu wa wajukuu, kwa hivyo nilikuwa nimefaa kabisa.

Nikakubali.

Mkutano wa kwanza, Ruiru, nilingoja chai ipite. Na mandazi. Halafu nikasimama.

"Mwenyekiti, ujana umenilemea. Nimejiuzulu, na nimekuja na wa kunirithi."

"Hauwezi..."

"Nani anapinga kijana awakilishe vijana? Ainue mkono tumwone."

Hakuna.

Mlango ukafunguka. Ciku akaingia na overall yake, masizi na yote, akaketi karibu na ile suti safi. Mwenyekiti akavuta kiti kando.

"Shosho," Ciku akaninong'onezea, "nianze na nini?"

"Anza na mandazi. Yakiisha, waulize walimuuliza nani."

Wenzangu wazee, kabla upige makofi, uliza kwanza wanazika nani.

Na nyinyi wa kupanga mipango: ukimleta cucu ajaze kiti, jua na mdomo amekuja nao!