Raba za Posa, Rangi Mbili

— Hii si pea! Shangazi Valeria alipaza sauti hadi kuku wa uani wakatawanyika. — Mzee Likwata, umetuletea posa au matusi?

Romana alikuwa chumbani, jicho moja kwenye upenyo wa pazia. Faustino, mchumba mwenyewe, alikuwa kwenye kibanda chake cha raba za mitumba Lindi mjini. Anayeposa haji, humtuma mshenga. Na mshenga, maskini, alipewa mfuko tu akaubeba mpaka huku Mtama.

— Dada Valeria, mimi nimetumwa...

— Umetumwa na kipofu? Cha kushoto bluu, cha kulia chungwa! Nafunga pea za mitumba sokoni tangu huyu binti hajazaliwa. Hivi ni vya kuokoteza. Muuza raba mzima anatuletea makombo! Rudi navyo, na posa yake irudi.

— Dada, taratibu, alisema baba yake Romana. — Mwache kwanza mgeni amalize chai.

— Amalize, aondoke!

Romana alijua mshenga akivuka kizingiti na ule mfuko, Faustino hatapokelewa tena nyumba hii. Hakulia. Alijifunika khanga gubigubi, akapiga simu.

— Faustino, umefanya nini?

— Hujazipenda?

— Shangazi anasema si pea. Posa inarudi sasa hivi!

— Mungu wangu. Romana, zimetengenezwa hivyo kusudi. Ni toleo maalumu. Zile herufi SE za ndani, pale unapokanyaga, ndiyo maana yake: "Special Edition".

— Herufi zitamtuliza shangazi?

— Basi asome lebo ndani ya ulimi wa kiatu. Kuna namba ndefu, tarakimu tatu za mwisho ni za rangi. Kama nimeokoteza huku na huku, zitatofautiana. Kama ni pea, zitakuwa zile zile.

— Na hiyo maalumu ndiyo imara kuliko nyingine?

— Nisikudanganye. Soli ni ile ile. Maalumu ni mavazi tu, rangi na urembo.

— Sasa kwa nini hukumwambia mshenga?

— Nilitaka ucheke wewe kwanza. Wewe mfupi, unakimbia kama swala. Mimi mrefu, nikipanda ngazi nahema. Watu wanatushangaa. Nilipoziona nikasema, hawa ni sisi.

Romana alikata simu bila kujibu. Sebuleni kikombe kilikuwa kimewekwa chini, na Mzee Likwata alikuwa anakunja mdomo wa mfuko.

Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Romana akatoka.

— Shikamooni.

— Marahaba... Wewe! Nani kakuita? shangazi alimaka.

Romana alipiga magoti, akazitoa zile raba mfukoni, akampa kwa mikono miwili.

— Nisamehe, shangazi. Nisomee lebo tu. Mimi na wewe, nani anajua viatu?

Shangazi alisonya, lakini miwani akavaa. Alisoma cha kushoto. Akasoma cha kulia. Akarudi cha kushoto, kidole kikifuata namba polepole.

— Ni moja, alisema chini chini. — Mpaka tatu za mwisho.

— Maana yake? baba aliuliza.

— Kiwanda kimezizaa pamoja, baba, Romana alijibu. — Rangi mbili, pea moja.

Shangazi akazigeuza. Soli zilikuwa zimelika sawasawa, pale pale kwenye kisigino. Mara akajipiga paji la uso.

— Yesu na Maria! Mwezi uliopita nilipata nyekundu na kijani kwenye robota la mitumba. Nikadhani si pea, nikampa fundi Bonaventura azikate soli!

Baba alicheka hadi akakohoa. Mzee Likwata naye akauweka mfuko chini.

— Kwa hiyo, dada, posa nirudi nayo?

— Uende nayo wapi? Chakula kinaiva. Mpigieni huyo kijana.

Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri. Romana alisema, "Ongea na shangazi," akampa simu.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Sikia, mkwe. Posa tumepokea. Ila ukileta pete, mshenga aje na maelezo!

Romana alikuwa ameshazivaa, kushoto bluu, kulia chungwa. Alitoka nazo uani, na wale kuku wakamkimbia upya. Akachukua simu, akaandika neno moja:

"Nimecheka."