Sijambo ya Mama Mwiko

Mama Mwiko alikuwa mpishi wa shule. Sufuria zake mtoto angeweza kuogea ndani. Moshi umwingie machoni, kuni zigome kuwaka, ukimwuliza habari atakujibu, "Nzuri!" Hata ukimkuta amejikata kidole, atakificha kwanza kwenye aproni, kisha aseme, "Sijambo!" Ndivyo alivyolelewa. Salamu ni salamu, na shida hazimwagwi mlangoni.

Ikaja siku tumbo likamzidi nguvu. Akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa salama. Asubuhi iliyofuata nesi alipita wodini akisukuma toroli la dawa.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa. Sijui wewe, na kazi zote hizi?"

Nesi akatabasamu, akaenda kitanda cha pili. Daktari alikuwa ameagiza Mama Mwiko apewe dawa ya maumivu akihitaji. Sasa mtu ambaye hajambo, dawa ya nini?

Kumbe mshono ulikuwa unawaka moto. Mama Mwiko alilala chali bila kugeuka. Alipumua juu juu. Kikohozi kikimjia, alikimeza.

Mchana wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kumwona. Alimkuta jasho linamtiririka.

"Wifi, una nini?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na shuka umelitafuna hadi pindo?"

"Nyamaza, wewe! Watasema nadeka."

Mara daktari akaingia pamoja na yule nesi, akasikiliza kifua cha Mama Mwiko. Akakunja uso.

"Mama, homa imeanza kupanda. Hewa haifiki chini ya mapafu, na makohozi yanatuama. Usipokohoa na kutembea utapata nimonia, na nimonia baada ya upasuaji inaweza kuua. Hebu kohoa."

Mama Mwiko akajaribu. Kilichotoka kilikuwa kama chafya ya paka. Machozi yakamlengalenga. Sasa aliogopa kwelikweli.

"Unaumia?" daktari akauliza.

"Kawaida tu, daktari."

Wifi akashindwa kuvumilia. "Daktari, huyu usimwulize hali! Huyu hata akikata roho atajibu sijambo!"

Nesi aliposikia hayo akavuta kiti, akaketi. "Mama, mbona asubuhi nilikuuliza?"

"Ulinisalimu, mwanangu, nikaitikia. Ningejibuje salamu kwa kilio?"

Nesi akacheka, kisha akatikisa kichwa. "Basi tulipishana njiani. Mimi nilikuwa nakupima, wewe ulikuwa unaitikia. Nilipaswa kuuliza vizuri zaidi. Tuanze upya. Sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Ukilala, ngapi? Ukikohoa, ngapi?"

Mama Mwiko akawaza. "Kumi ni siku niliyojifungua mapacha. Nikilala, sita. Nikikohoa..." Akashusha sauti, utadhani anakiri wizi. "Tisa."

"Tisa!" wifi akaruka. "Na mimi unaniambia huna kitu!"

"Yakoje, mama?" nesi akaendelea. "Yanachoma, yanavuta, yanapwita?"

"Yanachoma. Hapa, kwenye mshono. Lakini dawa za maumivu si humfanya mtu ashindwe kuziacha?"

"Ukizitumia siku chache, kwa kipimo cha daktari, hatari hiyo ni ndogo sana. Tutazipunguza kadiri unavyopona. Ila usingoje maumivu yakolee. Yakishakolea, kuyatuliza ni kazi. Yakibadilika ghafla, tuite mara moja. Ukipata kichefuchefu, choo kigumu au usingizi usio wa kawaida, sema pia. Kusema si kudeka, mama. Usiposema, sisi tunabahatisha."

Akapewa dawa. Ilipoanza kufanya kazi, nesi akarudi na mto.

"Ukumbatie juu ya mshono, ubane. Vuta pumzi ndefu. Haya, kohoa!"

Mama Mwiko akafumba macho, akakohoa. Safari hii kilikuwa kikohozi cha haja, kutoka chini kabisa, na makohozi yakatoka nacho. Wodi nzima ikageuka kutazama.

"Ngapi?" nesi akauliza.

"Nne!" Mama Mwiko alipaza sauti kwa furaha. "Jamani, nne tu!" Akakohoa tena bila kuombwa.

Kesho yake aliomba dawa mapema, akaisubiri ifanye kazi, kisha akashuka kitandani. Alitembea hadi dirishani akimshika wifi mkono. Kila siku alisogea mbele zaidi, na kila alipoulizwa maumivu alitaja namba yake bila haya. Homa ikashuka. Hatimaye daktari akasikiliza tena kifua chake, akakunjua uso.

"Hewa inafika hadi chini. Mapafu safi! Nenda nyumbani, mama."

Mhudumu alileta kiti cha magurudumu. Mama Mwiko akakitazama, akamtazama na wifi.

"Mpakie huyu," alisema. "Ndiye aliyechoka."

Kisha akatoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, kifua mbele.